Mwanasheria anajibu: Muhtasari wa kikao cha ukoo, niusaini?

Swali. Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Kibosho, nafanya kazi Arusha mjini. Baba alifariki mwezi wa tatu. Tuko wanne, wasichana watatu na kitinda mimba wa kiume anayeishi Dar es Salaam. Siku ya kuanua matanga wazee walikaa wakaamua kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ni cha mdogo wetu, mama ataendelea kuishi humo "chini yake", na baba mdogo atakuwa msimamizi wa mirathi. Sisi wasichana tukaambiwa tuna kwetu tulikoolewa, wakati mimi hata sijaolewa. Sasa baba mdogo amenitumia picha ya muhtasari kwa WhatsApp, anataka tuwe tumesaini wote kufikia Ijumaa. Chuoni tulifundishwa kwamba sheria ya Tanzania inampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Ni sheria gani hiyo, na mbona kikao kizima hakuna aliyeitaja? Nilipoitaja mimi, binamu yangu alicheka. Akasema huo ni ufeministi wa Wazungu, sheria haina jinsia.

Jibu. Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Sheria unayoiulizia ipo, na haijajificha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 3(2), inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi sawasawa na mwanamume. Kifungu cha 20 kinakwenda mbali zaidi: kanuni yoyote ya kimila, au uamuzi wowote uliotolewa juu ya ardhi ya kimila, ni batili kwa kiasi kile unachomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu fursa halali ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi hiyo. Ninaposema uamuzi wowote, na ule wa wazee wenu umo. Juu ya yote iko ibara ya 13 ya Katiba, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2000 inataja jinsia kwa jina lake kati ya mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Kabla ya hapo iliorodhesha kabila, dini, rangi na mengine, neno jinsia halikuwemo. Mtu akikwambia sheria haina jinsia, mwambie ilikuwa hivyo kweli, na kina mama wa nchi hii walipigania iwe nayo.

Kuhusu kwa nini hakuna aliyeitaja, naomba unistahimili kidogo.

Mwaka jana nilikaa kwenye kikao cha namna hiyo huko Old Moshi, nikiwa upande wa mjane. Benchi za kuazima zilikuwa zimepangwa chini ya migomba, ndoo mbili za mbege pembeni, wazee kama kumi na wanne. Wanawake walikuwepo, tena wengi kuliko wanaume, ila walikuwa jikoni wanamenya ndizi za machalari. Ajenda zilifunguliwa wao wakiwa bado na visu mkononi. Mjane aliitwa mwishoni, akapewa kiti cha plastiki mlangoni, akaulizwa, "Mama, una la kuongeza?" Hapo kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa kwenye kauntabuku, na kwa kalamu ya wino. Nikaliomba lile kauntabuku nisome mahudhurio. Wanaume wote wameandikwa majina matatu matatu. Mstari wa mwisho umeandikwa "mke wa marehemu". Mama wa watu ameishi pale miaka thelathini na minane, na katibu wa kikao ni shemeji yake aliyekula kwake tangu akiwa shule ya msingi. Jina lake analijua.

Sasa fuata safari ya karatasi ile. Inachapwa, inagongwa mhuri wa kijiji, inapelekwa Mahakama ya Mwanzo ikiwa imeambatanishwa na cheti cha kifo. Kisheria muhtasari wa ukoo si sharti la kufungua mirathi, lakini kwa mazoea mahakama nyingi huuomba, na mimi sioni ubaya wa hakimu kutaka kujua familia imesemaje. Ubaya ni kwamba hakimu haoni jiko. Anachokiona ni karatasi yenye sahihi, mapendekezo ya msimamizi, hakuna pingamizi. Anateua. Kifungu cha 20 kinabaki kimelala kitabuni, na hakuna hata mtu mmoja aliyekivunja kwa makusudi. Kwa nilivyoona mimi, mabinti wengi wanaopoteza ardhi huku kwetu hawashindwi kesi. Kesi yenyewe haizaliwi.

Hapo ndipo ule mtazamo anaoucheka binamu yako unapoingia kazini. Ukiondoa makelele, wafeministi wa sheria wanatuzoesha swali moja la kiudadisi mbele ya kila sheria, kila hukumu na kila kikao: wanawake walikuwa wapi wakati hili linaamuliwa, na kipi wanachokijua wao ambacho hawakuulizwa?

Nilijifunza uzito wa swali hilo hapo hapo Arusha unapofanyia kazi, nikiwa wakili mchanga. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa ikikaa kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano, na kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, ilianza kusikilizwa mwaka 1997. Hati ya mashtaka haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, aliyefichwa kwa herufi J, alipokuwa anaeleza mambo mengine kabisa akasema binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji wakamuuliza zaidi. Kati ya majaji watatu mwanamke alikuwa mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Wakaja mashahidi wengine, hati ya mashtaka ikarekebishwa mwezi Juni mwaka huo, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu iliyosema, kwa mara ya kwanza katika mahakama ya kimataifa, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake wa Taba walikuwa wakijua yaliyowapata tangu 1994. Wapelelezi walikuwa wamepita na madaftari yao. Sifananishi msiba wenu na ule, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba kauntabuku la Old Moshi na hati ile ya mashtaka vilikuwa na ugonjwa mmoja.

Nirudi kwa binamu. Akiendelea kusema sheria haina jinsia, mpe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 asome kifungu cha 13: umri wa kuoa kwa mvulana miaka 18, wa kuolewa kwa msichana miaka 15. Rebeca Gyumi alikipeleka Mahakama Kuu, ikasema mwaka 2016 kwamba kinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Kisha mpe kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436. Humo warithi wamepangwa kwa daraja: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili, mabinti la tatu. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia maisha yake yote, haruhusiwi kuiuza. Na mjane, ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto kama alivyowatunza. Usomapo mara ya kwanza unaona ni maneno ya upole. Rudia.

Kanuni hizo zimeshafikishwa mahakamani zaidi ya mara moja, na matokeo hayakulingana. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akasema kanuni hiyo ni ya kibaguzi na haiendani na Katiba, wala na mikataba ambayo Tanzania imeridhia. Mauzo yakasimama. Kumbuka neno jinsia lilikuwa halijaingia ibara ya 13 wakati huo. Jaji aliamua bila kulisubiri.

Ungedhani mambo yamekwisha. Miaka kumi na sita baadaye wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa kwenye nyumba zao na wakwe, walipinga kanuni zile zile mbele ya Mahakama Kuu Dar es Salaam. Mahakama ikakubali kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba kugusa mila moja kutafungua mlango wa kugusa mila zote. Rufaa ikaanguka kwa kasoro za kiutaratibu. Wakaenda hadi kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo Machi 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Mimi hukumu ile ya Dar es Salaam imekuwa ikinikera miaka yote. Kukubali kwamba jeraha lipo na kukataa kulifunga kwa sababu wagonjwa ni wengi, sijui tuiite busara gani.

Na huo Uzungu? Miaka ya 1940 wanawake wa Usangi, hapo jirani zetu Upareni, waliingia barabarani kuwakabili wakoloni katika mgogoro wa kodi ya mbiru. Sidhani kama walikuwa wamesoma kitabu cha mtu.

Sasa jambo ninalotaka uliweke moyoni kuliko vifungu vyote: kihamba chenu kimejengwa na nani? Wazee wanasema ni cha mababu, na ni kweli, masale, ile mimea ya mpakani, na makaburi vinashuhudia. Lakini udongo wa kihamba haukai na rutuba kwa heshima ya mababu. Ng'ombe wa Kibosho amefungwa zizini mwaka mzima, hatembei kutafuta malisho. Kuna mtu anashuka porini kukata majani, anapanda mlima na mzigo kichwani, ng'ombe anakula, samadi inatolewa na kumwagwa kwenye migomba, migomba inafunika kahawa kwa kivuli. Ukikata mzunguko huo, kihamba kinachoka. Wewe mwenyewe unajua ni nani alikuwa anashuka na panga na kamba alfajiri. Lakini kahawa ilipopelekwa chama cha msingi cha ushirika, kadi ilikuwa na jina la baba. Ndizi na maziwa ndivyo vilivyokuwa vya mama, vya masoko ya Kiboriloni na Mbuyuni, fedha ya chumvi, sare na daftari. Fedha ya kahawa ilijenga nyumba ya bati ambayo watu wanaionyesha kwa kidole. Fedha ya ndizi ililiwa ikaisha, haikuacha risiti. Leo kwenye kikao watu wanaorodhesha mali ya marehemu, na kila kilichoacha risiti ni cha mwanamume.

Mahakama ya Rufani ililiona hili mapema, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani, mume akadai hakuchangia chochote. Mahakama ikasema kazi za nyumbani na kulea familia ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kesi hiyo hutajwa kila semina. Kisichotajwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mume za kuendeshea biashara akazitumia vibaya. Yeye alipanda, wakavuna wengine. Kifungu cha 114 kinahusu talaka na kutengana, hakihusu kifo, kwa hiyo usiende kukitaja kana kwamba kinamaliza shauri lenu. Lakini hoja iliyo ndani yake mnaihitaji, kwa sababu kabla ya kugawa mali ya baba lazima ijulikane ipi ilikuwa ya baba. Kama kuna ng'ombe, akiba ya VICOBA, au kiwanja mama alichonunua, hicho si mirathi. Kitolewe kwanza.

Sitaki pia ufikiri ninakupeleka vitani na mila. Mila ya kwetu ya kumpa kitinda mimba kihamba cha wazazi ilikuwa na upande wa pili: ndiye anayebaki, ndiye anayewatunza wazazi uzeeni na kuwazika. Kihamba kilikuwa malipo ya kazi hiyo. Ukoo nao ulibeba mzigo, mjane hakutupwa, na binti aliyerudi kutoka kwa mume alikuwa na mahali pa kujishikiza. Sasa tazama nyumbani kwenu. Kitinda mimba yuko Dar es Salaam, anarudi Krismasi. Mama anapougua usiku simu inapigwa kwa nani? Ni wewe unayepanda basi kutoka Arusha, nabahatisha, lakini sidhani kama nimekosea. Wazee wamechukua nusu ya mila yenye kupokea wakaiacha ile ya kutoa. Hilo liseme kikaoni, na uliseme kimila, kwa adabu yote. Mzee atakayekuziba mdomo ukimtajia kifungu cha 20 atapata taabu kukujibu ukimuuliza, "Baba, kwa mila yetu, anayemuuguza mama ni nani?"

Hujaniambia baba yako aliishije, na jambo hili lina uzito. Mirathi nchini ina milango mitatu: mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, tuliyoletewa na Mwingereza na bado tunaitumia. Mahakama huangalia marehemu alivyoishi na alichokusudia ili kujua aingie mlango upi. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi mbali na taratibu za kimila anaweza kuangukia ile ya India, ambayo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka nayo, shauri lazima lifunguliwe mahakama ya juu yake. Mtabishana sana juu ya kihamba, lakini mlango mnaochagua kufungulia ndio unaoamua mtabishania nini. Baba mdogo akiwahi kufungua Mahakama ya Mwanzo peke yake, keshawachagulia.

Kwa hiyo usisaini. Kutosaini si matusi. Mwandikie baba mdogo, kwa heshima anayostahili, kwamba unaomba kikao kirudiwe nyote mkiwepo mmekaa, chakula kipikwe kabla au baada. Muhtasari umwandike mama kwa majina yake matatu kama wengine. Pendekezeni mama awe msimamizi, au awe pamoja na baba mdogo, hakuna sheria inayomzuia. Na mjue kwamba msimamizi si mrithi. Ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, ile Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu zake, Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Wasimamizi wengi hawafanyi hivyo kwa sababu hakuna anayewauliza.

Baba mdogo akifungua mirathi bila ninyi, mahakama itabandika tangazo. Nenda kalisome kwa macho yako, kisha uweke pingamizi kwa maandishi kabla siku hazijapita. Usianzie Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu, na mgogoro wa mirathi si wake. Msaidie mama awaone wasaidizi wa kisheria, sheria ya mwaka 2017 inawatambua na msaada wao ni bure. Moshi kuna KWIECO, shirika la kusaidia wanawake, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wapo hapo Arusha.

Ila kabla ya yote hayo, leo jioni, mpigie mdogo wako. Katika barua yako yote umeniambia baba mdogo kasema nini, wazee wamesema nini, hata binamu. Yeye aliyepewa kihamba hukuniambia amesema nini. Huenda naye hajaulizwa. Nimewahi kuwa na kesi ambayo kijana wa aina hiyo alikuja mbele ya hakimu akasema yeye anachotaka ni kiwanja cha kujenga tu, kihamba abaki nacho mama, na dada zake waandikwe. Baba zake wadogo walibaki wanatazamana.